Sura ya 4: Waliokuja Ni Wengi

Vivumishi vya Kijapani humpa Mswahili raha ya mapema. Kwetu sisi kivumishi "-kubwa" hubadilika kila kinapokwenda: mtu mkubwa, miti mikubwa, gari kubwa, vikapu vikubwa. Kijapani hakina ngeli. Kikubwa chochote ni *ookii*, kiwe mti, nyumba, mlima au sauti. Kivumishi hutangulia nomino, na mambo yanaishia hapo: *ookii ie* ni nyumba kubwa, *takai yama* ni mlima mrefu, *akai hana* ni ua jekundu, *furui hon* ni kitabu cha zamani. (Katika kitabu hiki irabu ndefu ninaziandika kwa herufi mbili. *Oo* hutamkwa kama katika neno letu "choo", na *ou* vilevile.)

Mwanafunzi akishazoea utaratibu huo anafika kwenye neno *ooi*, ambalo kamusi inamwambia ni "-ingi". Anafanya alichofundishwa. Anatanguliza kivumishi, anafuatisha nomino, anapata *ooi hito*, "watu wengi". Mwalimu anakataa. Maneno yote mawili ni ya Kijapani safi, mpangilio ni uleule wa *akai hana*, lakini Mjapani hasemi hivyo. Kinyume chake, *sukunai*, yaani "-chache" au "haba", kina tabia hiyohiyo: *sukunai hito* nayo hukataliwa.

Maneno haya mawili ni ya siku za mwanzo kabisa. Kitabu cha kiada *Minna no Nihongo*, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998 na ambacho wanafunzi wengi duniani wameanzia humo, huyatoa katika somo la 12. Hapo kando ya kila moja kuna nyongeza ndogo kwenye mabano: *hito ga*. Maana yake ni kwamba usilibebe neno peke yake. Libebe pamoja na mwenzake: *hito ga ooi*, watu ni wengi, *hito ga sukunai*, watu ni wachache. Mwanafunzi mwenye haraka huyapita mabano yale. Sura hii yote ni maelezo yake.

Mtu mmoja hawi wengi

Tutazame kwa karibu tofauti kati ya *akai hana* na *ooi hito*. Chukua maua kumi mekundu, utoe moja. Lile moja bado ni jekundu. Wekundu umo ndani ya kila ua. Chukua milima mirefu, utenge mmoja. Urefu wake haupotei. Sasa chukua watu wengi, umtoe mmoja. Je, yeye ni "wengi"? Hapana. Wingi haumo ndani ya mtu yeyote kati yao. Ni habari ya kundi zima, nayo hutoweka ukimtazama mmoja mmoja.

Kijapani kinaichukulia tofauti hii kwa uzito. Kivumishi kinachotangulia nomino hutaja sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe. Kiasi si sifa ya namna hiyo, basi hakiruhusiwi kukaa pale mbele peke yake. Mahali pake ni mwisho wa sentensi, kwenye kiarifu, ambako mzungumzaji anatoa habari kuhusu kundi: *Nihon wa jishin ga ooi*, Japani matetemeko ya ardhi ni mengi. *Kyoto wa otera ga ooi*, Kyoto mahekalu ni mengi.

Muundo huu wa nomino mbili, ya kwanza ikifuatwa na *wa* na ya pili na *ga*, ni maarufu katika elimu ya sarufi ya Kijapani. Mwaka 1960 Mikami Akira, mwanasarufi aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alitoa kitabu ambacho jina lake ni sentensi ya aina hii: *Zou wa hana ga nagai*. Tembo, pua yake ni ndefu. Kwanza unataja unayemzungumzia, kisha unasema jambo lake. Mswahili hahitaji kusumbuka hapa, kwa maana husema hivyo kila siku: "Nyumba hii milango yake mingi." "Juma watoto wake wengi." Sentensi za namna hiyo ndizo ndugu wa *Nihon wa jishin ga ooi*.

Kuna jambo jingine linaloyapa maneno haya mzigo mkubwa. Nomino ya Kijapani kwa kawaida haionyeshi umoja wala wingi. *Hon* ni kitabu, na *hon* ni vitabu. Kuna njia chache za kuonyesha wingi, kama kurudia neno: *hito* huzaa *hitobito*, watu, *yama* huzaa *yamayama*, milima. Lakini si kila nomino hukubali kurudiwa. Sisi tukisema "vipo", msikilizaji ameshajua kwamba kitu si kimoja. Mjapani akisema *hon ga aru*, kinaweza kuwa kimoja au mia. Asipoongeza neno la kiasi, msikilizaji hubaki na muktadha tu.

Njia nne za kusema "watu wengi walikuja"

Njia ya kwanza ni kutumia *takusan*, neno linalosikika nyumbani, sokoni na shuleni. Likitangulia nomino huunganishwa kwa *no*: *Takusan no hito ga kimashita*.

Njia ya pili ni kuliweka neno hilohilo karibu na kitenzi: *Hito ga takusan kimashita*. Hii ndiyo inayokuja yenyewe mdomoni mwa Mjapani. Idadi nazo hukaa hapohapo: *gakusei ga sannin kimashita*, wanafunzi walikuja watatu. Kwa watu tu, lipo pia neno *oozei*: *hito ga oozei kimashita*, walikuja umati mkubwa.

Njia ya tatu ni kukigeuza kivumishi chenyewe. *Ooi* hupata umbo la *ooku*, ambalo hutumika kama nomino, kisha huunganishwa kwa *no*: *Ooku no hito ga kimashita*. Hii ni lugha ya magazeti, hotuba na taarifa za habari. Hapa kuna jicho la sindano la kupitia kwa uangalifu. *Ooku no gakusei* ni wanafunzi wengi. Ukipindua ukasema *gakusei no ooku*, umesema sehemu kubwa ya wanafunzi. La kwanza halisemi lolote kuhusu waliobaki, la pili linawahesabu.

Njia ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafichua moyo wa lugha. *Kita hito wa ookatta*. Waliokuja walikuwa wengi. Tendo limesukumwa mbele likawa maelezo ya watu, na wingi umepewa kiti cha mwisho, kiti cha habari yenyewe. Vivyo hivyo, panapoandikwa kwetu "watu wengi wanajua jambo hili", Mjapani huelekea kusema *shitte iru hito ga ooi*: wanaolijua ni wengi.

Sentensi hiyo ya Kiswahili haina ugeni wowote. Mzee akisimama barazani akasema "wanaolijua jambo hili ni wengi", hakuna atakayegeuka kumtazama. Kiswahili kina njia zote mbili, na ya pili inalingana na Kijapani neno kwa neno. Ndiyo maana nasema Mswahili ana bahati katika sura hii: chombo anacho tayari, anachohitaji ni kukumbuka kukitumia.

Jihadhari tu na wakati. Katika Kiswahili "walikuwa" hubeba wakati uliopita na "wengi" hutulia. Katika Kijapani kivumishi chenyewe hubeba wakati: *ooi* ni wengi, *ookatta* walikuwa wengi, *ooku nai* si wengi, *ooku nakatta* hawakuwa wengi. Kwa adabu unaongeza *desu* mwishoni: *ookatta desu*. Anayesema *ooi deshita* amehamishia wakati mahali pasipo pake.

Pale ambapo *ooi* hutangulia

Msomaji makini atauliza: mbona vitabu vya Kijapani vimejaa *ooi* iliyotangulia nomino? Ni kweli. *Midori no ooi machi* ni mji wenye miti na majani mengi. *Ame no ooi shima* ni kisiwa chenye mvua nyingi, na ndivyo unavyoweza kukieleza Yakushima, kisiwa cha kusini ambacho misitu yake ya mierezi iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1993. *Jinkou ga sukunai ken* ni mkoa wenye watu wachache; Tottori ndio wenye watu wachache kuliko mikoa yote 47 ya Japani.

Kanuni haijavunjwa. Katika *ame no ooi shima*, kilicho kingi ni mvua, na mvua imetajwa. Kisiwa chenyewe kina sifa ya kunyeshewa sana. Ukikitenga na visiwa vingine, sifa hiyo kinabaki nayo. Sisi hapa tungetumia "-enye". Mwanafunzi akiona *ooi* mbele ya nomino, aulize mara moja: kilicho kingi ni nini? Mara nyingi atakikuta nyuma kidogo, kikifuatwa na *ga* au *no*.

Wakati mwingine hatakikuta, kwa sababu kimeachwa kieleweke. *Ooi toki wa hyakunin mo kuru*: wanapokuwa wengi, huja hata watu mia. *Toki* ni wakati. Hakuna anayesema kwamba nyakati ni nyingi. Inasemwa "wakati ule wanapokuwa wengi". Na nomino ambayo yenyewe ni jina la kiasi hukubali sifa hii bila shida. *Sukunai yosan* ni bajeti ndogo, kwa kuwa bajeti ni kiasi, na kiasi kimoja kinaweza kuwa haba chenyewe. Mtu mmoja hawezi kuwa haba.

*Sukunai* na mkia wake

*Sukunai* huwachanganya wanaoanza kwa sababu ya mwisho wake. Kijapani hukanusha kwa *nai*, na mwanafunzi akisikia *sukunai* hudhani anasikia ukanushi. Siyo. Ni kivumishi kamili katika hali ya kuyakinisha, na ukitaka kukikanusha unaongeza *nai* nyingine: *sukunaku nai*, si wachache. Umbo hili linapendwa sana na waandishi wa Japani: *Sou omou hito wa sukunaku nai*, wanaofikiri hivyo si wachache. Sisi nasi tuna "si haba", na tunaitumia kwa heshima ileile, kusema kingi bila kupaza sauti.

Jambo la pili ni kwamba *sukunai* haiwi pacha kamili wa *ooi*. *Ooku no* ipo, *sukunaku no* haipo. Ukitaka kusema "watu wachache walikuja" ipindue sentensi: *kita hito wa sukunakatta*, waliokuja walikuwa wachache.

Jambo la tatu ni tofauti kati ya *sukunai* na *sukoshi*. Herufi yao ya asili ni moja, 少, lakini kazi zao ni mbili. *Okane ga sukoshi aru* ni "kuna hela kidogo": zipo, tunaweza kununua kitu. *Okane ga sukunai* ni "hela ni kidogo": hazifiki inapotakiwa. *Sukoshi* huhesabu kilichopo, *sukunai* hutoa hukumu juu yake. Tena *sukunai* haijali kama kitu kinahesabika. Kiswahili hutenga, watu huwa wachache na maji huwa kidogo au haba. Kijapani husema *hito ga sukunai* na *mizu ga sukunai* kwa neno lilelile.

Kuliko nini?

Kila neno la kiasi lina kipimo kilichofichwa. Duka dogo la vitabu likipata wateja kumi, mwenye duka atasema *kyou wa hito ga ooi*, leo watu ni wengi. Stesheni ya Shinjuku jijini Tokyo, inayopitiwa na abiria wengi kuliko stesheni nyingine yoyote ya reli duniani, ikipata watu elfu asubuhi nzima ingesemwa *hito ga sukunai*. *Ooi* maana yake ni kuzidi matarajio au desturi.

Hili huonekana wazi pesa zinapohesabiwa. Muuzaji amekurudishia chenji, umeihesabu, imezidi yeni 100. Unamwambia: *Otsuri ga hyaku-en ooi desu yo*. Neno kwa neno ni "chenji yeni mia nyingi", na maana yake ni "chenji imezidi yeni mia". Ikipungua unasema *hyaku-en sukunai desu*. Ukigawa karatasi darasani na moja ikakosekana, ni *ichimai sukunai*, imepungua moja. Sisi hapa tunatumia vitenzi, kuzidi na kupungua. Mjapani anatumia kivumishi na kukitanguliza kiasi cha tofauti. Anayetafsiri *ooi* kila mahali kuwa "-ingi" ataikosa maana hii, na ni maana ya kila siku.

Kutokana na kipimo hichohicho kumetoka *oome* na *sukuname*. Kiambishi *-me* huongeza maana ya "kwa upande wa": kuelekea kingi kidogo, kuelekea kichache kidogo. Mahali pazuri pa kuyasikia ni kwenye maduka ya ramen ya mtindo wa *iekei*, uliozaliwa Yokohama mwaka 1974. Humo mteja huulizwa mambo matatu: ugumu wa tambi, ukolezo wa mchuzi na kiasi cha mafuta. Naye hujibu kwa mfululizo, *men katame, aji koime, abura sukuname*. Tambi ziwe ngumungumu, mchuzi ukolee, mafuta yapunguzwe. Angetaka mafuta ya kutosha angesema *abura oome*. Kwenye mgahawa wowote unaweza kuomba *gohan sukuname de onegai shimasu*, naomba wali upunguzwe kidogo, na mhudumu ataelewa bila maelezo zaidi.

Si kila kiasi ni *ooi*

Kiswahili huipa "-kubwa" kazi nyingi: mshahara mkubwa, bei kubwa, uwezekano mkubwa, idadi kubwa. Kijapani hugawa kazi hizo. Kinachopimwa kwa ngazi, kupanda na kushuka, huchukua *takai*, "-refu kwenda juu", na *hikui*, "-fupi kwenda juu". Bei ni *takai*, mshahara ni *takai*, joto la hewa ni *takai*, asilimia na uwezekano ni *takai*. Kinachopimwa kwa kukusanyika pamoja huchukua *ooi*: *jinkou ga ooi*, idadi ya watu ni kubwa, *kyoudai ga ooi*, ana ndugu wengi. Theluji hupimwa kwa kina, *yuki ga fukai*. Chai hupimwa kwa ukolezo: *koi* ikiwa na majani mengi, *usui* ikiwa nyepesi. Mvua hugawanyika: *ame ga tsuyoi* ni mvua kali inayonyesha sasa, *ame ga ooi* ni mvua zinazonyesha mara nyingi.

Mfano huo wa mwisho unatufungulia mlango wa "mara nyingi". Mjapani akitaka kusema kwamba mtu huja mara nyingi, anaweza kusema *kuru koto ga ooi*: kule kuja kwake ni kwingi. Tendo limefanywa nomino, na wingi umekaa tena mwishoni.

Hata tabia za watu hupimwa hivi. *Kuchikazu ga ooi* ni mtu mwenye maneno mengi, na *kuchikazu ga sukunai* ni mtu wa maneno machache. Kiswahili na Kijapani vimekutana hapa bila kuagana. *Ki ga ooi*, ambayo kwa neno ni "moyo mwingi", ni mtu wa kupendapenda, leo huyu na kesho yule.

Vipo viambajengo viwili vidogo ambavyo huipa namba hukumu bila kutumia kivumishi chochote. *Hyakunin kita* ni "walikuja watu mia", taarifa kavu. *Hyakunin mo kita* ni "walikuja watu mia nzima", na mzungumzaji anaona ni wengi. *Hyakunin shika konakatta* ni "hawakuja ila watu mia", na anaona ni wachache. Angalia kitenzi cha mwisho: kimekanushwa. *Shika* hudai ukanushi, sawasawa na "ila" yetu katika "hawakuja ila". Wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika na muundo huu. Mswahili ameukuta nyumbani.

Namna ya kujizoeza

Chukua gazeti la Kiswahili, utafute kila penye "wengi", "nyingi", "mengi", "wachache" na "kidogo". Kabla ya kugusa Kijapani, ipindue sentensi kwa Kiswahili chako. "Wakulima wengi wamehama" iwe "wakulima waliohama ni wengi". "Mji huu una magari machache" iwe "mji huu magari ni machache". Ukishaipindua, itafsiri: *hikkoshita nouka ga ooi*, *kono machi wa kuruma ga sukunai*. Ukikuta namba, amua kwanza kama unaiona kubwa au ndogo, ndipo uchague *mo* au *shika*.

Fanya hivyo mpaka mkono uzoee. Usikariri *ooi* peke yake kwenye daftari la msamiati. Iandike kama kile kitabu kinavyoiandika, *hito ga ooi*. Kitaje kitu kwanza, kisha useme wingi wake. Hiyo ndiyo kanuni, na sarufi ya Kiswahili imekwisha kukufundisha nusu yake.